Risasi nzito au nyepesi? Jinsi uzito unavyobadili njia na shabaha ya bunduki ya uwindaji

KATIKA kambi nyingi za uwindaji wa kitalii nchini Tanzania, mgeni aliyelipia nyati hapelekwi porini moja kwa moja. Hupelekwa kwanza pembeni ya kambi, mahali ambapo karatasi yenye alama imebandikwa kwenye boksi au shina la mti, umbali wa mita 50 au 100, akaombwa afyatue risasi mbili au tatu.

Wapo wageni wanaoliona zoezi hilo kuwa ni kupotezewa muda, kwa kuwa bunduki ile ile ilikwishajaribiwa kwao kabla ya safari. Lakini mwindaji bingwa anayewaongoza ana sababu zake. Bunduki imesafiri kwa ndege na huenda darubini yake imegongwa njiani. Sababu ya pili haionekani kwa macho: mgeni anaweza kuwa alifanya mazoezi kwa risasi za uzito mmoja, na sasa amekuja na boksi la risasi za uzito mwingine.

Kwenye karatasi, kosa la sentimita chache ni tundu lililokwenda pembeni, basi. Kwa nyati dume, mnyama anayeweza kufikia kilo 700 na zaidi, sentimita hizo hizo zinaweza kumwacha akiwa amejeruhiwa na kukimbilia kichaka kizito. Hapo anayetangulia kuufuata mchirizi wa damu si mgeni aliyelipa. Ni mfuatiliaji nyayo, mara nyingi kijana wa kijiji cha jirani, ambaye mkononi hana bunduki.

Kwa sababu hiyo swali la uzito wa risasi si la wapenda bunduki peke yao. Nalo ni swali ambalo watu wengi, wakiwamo wanaobeba silaha kila siku, hulijibu kinyume.

Kinachopimwa ni kipi?

Risasi kamili ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, fataki inayowasha moto, baruti, na kichwa ambacho ndicho kinachotoka mtutuni. Uzito unaoandikwa kwenye boksi ni wa kichwa tu. Katika makala haya, kila penye neno risasi ikiwa angani, kinachokusudiwa ni kichwa hicho.

Kipimo chake cha kimila ni greni, kizito kidogo cha Kiingereza cha kale ambacho 7,000 kati yake hufanya ratili moja. Gramu moja ni kama greni 15 na nusu. Risasi ya greni 300, ambayo ni ya kawaida kwa nyati, ina gramu 19.4.

Kaliba ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni kipenyo cha mtutu, na bunduki ya kaliba moja inaweza kufyatua risasi za uzito tofauti kabisa. Bunduki ya .30-06, kwa mfano, hupata madukani risasi za greni 150, 165, 180 na 220, zote zikiingia katika ganda la aina moja. Mteja asiyesoma boksi vizuri ataondoka na kitu kinachotosha bunduki yake, lakini hakitapiga pale ilipozoea kupiga.

Uzito hauivuti risasi chini

Imani iliyoenea ni kwamba risasi nzito hushuka upesi kwa kuwa ni nzito. Galileo alikwishaonyesha katika karne ya 17 kwamba vitu vizito na vyepesi huanguka kwa kasi moja, hewa isipovizuia, na risasi haijapewa msamaha katika kanuni hiyo. Bunduki ikilazwa sawasawa na ardhi tambarare ikafyatuliwa, na wakati huo huo risasi nyingine ikaachiwa idondoke kutoka kimo kile kile, zote mbili zitagusa ardhi karibu kwa wakati mmoja. Tofauti ni kwamba moja itaiangukia miguu ya aliyeiachia, na nyingine itaanguka mamia ya mita mbele.

Kinachoishusha risasi ni muda. Katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, kitu chochote huanguka kama sentimita 5. Katika sehemu mbili za kumi, sentimita 20. Katika tatu, sentimita 44. Katika nusu sekunde, mita moja na robo. Muda ukizidi mara mbili, anguko huzidi mara nne.

Hapo ndipo uzito unapoingia, kwa mlango wa nyuma. Ganda lina nafasi ya baruti yenye kikomo, na chuma cha bunduki kina shinikizo ambalo hakiwezi kulivuka bila kupasuka. Nguvu ile ile inaposukuma mzigo mzito, mzigo hutoka polepole zaidi. Risasi nzito hushuka zaidi kwa sababu imechelewa.

Mfano mzuri ni huo wa .30-06, risasi iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1906 na baadaye kuwa miongoni mwa risasi za uwindaji zinazojulikana zaidi duniani. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa nchi hiyo, alishuka Mombasa mwaka 1909 akiwa na bunduki ya Springfield ya aina hiyo miongoni mwa silaha zake.

Katika risasi za kawaida za kiwandani za Remington, ile ya greni 150 hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 887 kwa sekunde. Ya greni 180 hutoka kwa mita 823. Kufika yadi 100, ambazo ni kama mita 91, ya kwanza hutumia sekunde 0.109 na ya pili 0.116. Anguko lao kwa umbali huo hupishana kwa chini ya sentimita moja. Kwa yadi 300 tofauti hiyo hufikia sentimita 6 au 7.

Ni kiasi kidogo kuliko inavyodhaniwa. Mwindaji anayempiga kongoni kwa mita 100 hawezi kuilaumu greni kwa kukosa. Mkono wake utakuwa umeyumba zaidi ya hapo.

Pengine hapa ndipo pa kuondoa dhana nyingine, kwamba risasi "hupanda" baada ya kutoka mtutuni. Haipandi yenyewe. Darubini imefungwa juu ya mtutu, na mtutu umeelekezwa juu kidogo ukilinganishwa na mstari wa jicho. Risasi huanza chini ya mstari huo, huuvuka karibu, hupita juu yake kwa sentimita chache, kisha huuvuka tena ikishuka. Umbali wa mvuko huo wa pili ndio ambao bunduki "imewekwa". Hata hivyo, umewekwa kwa mwendo fulani wa risasi. Ukibadilika mwendo, mvuko nao huhama.

Nzito huja ikamfikia mwenzake

Kama hesabu ingeishia hapo, kila mtu angechagua risasi nyepesi. Lakini hewa nayo ina haki yake.

Risasi inayokwenda mita 800 kwa sekunde hupambana na hewa kana kwamba inapita kwenye kitu kizito. Nyepesi, ambayo ina mbio kubwa na uzito mdogo wa kuzishikilia, hupoteza kasi upesi. Nzito ya kipenyo kile kile, ikiwa na umbo linalofanana, huwa ndefu zaidi. Ina uzito mwingi nyuma ya uso ule ule unaoikata hewa, na hivyo hubaki na kasi yake kwa muda mrefu.

Takwimu za risasi zile mbili zinaonyesha jambo hilo waziwazi. Mtutuni, ya greni 150 inaongoza kwa mita 64 kwa sekunde. Kwenye yadi 300 inaongoza kwa mita 12 tu. Kwenye yadi 400, kama mita 366, zote mbili zinakwenda karibu mita 562 kwa sekunde. Kuanzia hapo, nzito ndiyo inayotangulia kwa kasi, ingawa bado iko nyuma kwa muda.

Upepo unaovuma kutoka ubavuni husema vivyo hivyo. Kwa upepo wa kilomita 16 kwa saa na umbali wa yadi 400, hesabu ya kawaida huipeleka ya greni 150 pembeni kwa kadiri ya sentimita 47, na ya greni 180 kwa sentimita 42. Kwa yadi 200 tofauti haifiki sentimita mbili.

Jeshi la Marekani lililijifunza somo hili kwa gharama. Mwaka 1903 lilichukua bunduki mpya yenye risasi ya greni 220, ncha ya mviringo, mwendo wa mita 700 kwa sekunde. Wakati huo Ujerumani ilikuwa inahamia kwenye risasi nyepesi yenye ncha kali, na njia yake angani ikawa imenyooka zaidi kwa masafa ya kawaida ya vita. Wamarekani wakaiga mwaka 1906: greni 150, ncha kali, mita 823 kwa sekunde. Bunduki zilizokwishatengenezwa zilirudishwa karakana, mitutu ikakatwa na kutengenezwa upya, na vipimo vya masafa kwenye vilengeo vikabadilishwa kwa kuwa vile vya zamani vilikuwa havisemi kweli tena.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na bombomu zilipohitaji kufika mbali, risasi ile nyepesi ilionekana kuishiwa nguvu mapema. Umbali wake wa mwisho ulikuwa kama yadi 3,400. Katika miaka ya 1920 ikabuniwa nyingine ya greni 172 hadi 174, iliyochongwa mkia ili hewa isiivute nyuma, nayo ikavuka yadi 5,000. Ilitoka mtutuni polepole kuliko zile nyepesi za kiwandani za leo, lakini ilifika mbali mno kiasi kwamba viwanja vingi vya mazoezi havikuwa na nafasi ya kutosha nyuma ya shabaha. Kabla ya vita ya pili jeshi likarudi kwenye greni 150 na ushei. Ni nadra taasisi kuiacha zana kwa kuwa inafanya kazi vizuri kupita kiasi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Inapofika kwenye ngozi

Kwa mwindaji, safari haiishii pale risasi inapogusa mnyama. Sehemu iliyobaki, ya sentimita 40 au 80 ndani ya mwili, ndiyo inayoamua kama mnyama ataanguka au ataondoka.

Hapo kinachotazamwa ni uzito ukigawanywa kwa eneo la uso wa risasi. Mkuki mwembamba na mzito huzama. Jiwe pana la uzito ule ule huishia juu ya ngozi. Risasi ya greni 150 ya .30-06 ina kama gramu 20 kwa kila sentimita ya mraba ya uso wake. Ya greni 180 ina gramu 24. Ya greni 220 inakaribia gramu 30.

Kipimo hiki kinaeleza kisa kimoja cha Afrika Mashariki ambacho kwa miaka mingi kiliwatatiza watu. Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880 na kuitwa "Karamojo" kwa sababu ya safari zake za Karamoja nchini Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 ambayo leo watu wangeiona ya kupigia swala. Wenzake walibeba mizinga. Yeye alibeba risasi ya greni 173, gramu 11.2 tu, ngumu, isiyopasuka.

Ukipiga hesabu, risasi hiyo ndogo ya Bell ilikuwa na gramu 27 kwa sentimita ya mraba. Ile ya greni 300 ya kaliba .375, ambayo ni kubwa kwa uzito karibu mara mbili, nayo ina gramu 27. Kwa upande wa kuzama, ndugu hao wawili wanalingana. Bell alikuwa na ujuzi wa pekee wa maumbile ya tembo, akijua hasa mahali ubongo ulipo kwa kila upande anaosimama, na risasi yake ndefu ilifika huko bila kupinda.

Si mfano wa kuigwa, na idadi ya tembo aliowaua haimpendezi msomaji wa leo. Tena risasi yake ilikuwa na nguvu ya takribani jouli 2,750, wakati Namibia, ambayo huweka kiwango kwa jouli, hutaka zisizopungua 5,400 kwa tembo na nyati. Kisa chake kinaonyesha tu kwamba kuzama na kupiga kwa kishindo ni mambo mawili.

Risasi nyepesi sana kwa kaliba yake ina hatari nyingine. Ikiwa ni ya aina laini inayotanuka, na imefika kwa kasi kubwa kwenye mfupa wa bega la nyati, inaweza kuvunjika vipande kabla ya kufika kwenye moyo na mapafu. Jeraha huonekana kubwa kwa nje, na mnyama huondoka akiwa hai.

Kisa cha .375

Kampuni ya Holland & Holland ya London iliitoa risasi ya .375 Magnum mwaka 1912. Zaidi ya karne moja baadaye bado ndiyo kipimo cha chini ambacho kanuni za Tanzania zinataka kwa tembo na nyati, na ni vigumu kupata kambi ya uwindaji ambayo haina angalau bunduki moja ya aina hiyo.

Uzito wake wa kimila ni tatu: greni 235, 270 na 300. Ya 270 hutoka kwa kama mita 820 kwa sekunde, ya 300 kwa kama mita 770. Nguvu zao mtutuni hazipishani sana. Zote mbili ziko kati ya jouli 5,700 na 5,900. Kwa mita 100 anguko lao hupishana kwa kama sentimita moja tu.

Ndiyo maana bunduki hii imejenga sifa kwamba hupeleka uzito wote mahali pamoja, kiasi kwamba mtu anaweza kubeba ya 270 kwa pofu na ya 300 kwa nyati bila kugusa darubini. Sifa hiyo ina ukweli, lakini isichukuliwe kama cheti. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana, na karatasi pekee ndiyo itakayosema ipi inazipenda risasi zote tatu na ipi haizipendi.

Greni 235 inastahili tahadhari. Ina kaliba inayokubalika kisheria, lakini uzito wake kwa uso ni gramu 21 kwa sentimita ya mraba, karibu sawa na ile ya greni 150 ya .30-06. Mwenye kuibeba kwa nyati ametimiza kanuni inayotaja kipenyo na amejinyima kile ambacho kipenyo hicho kiliwekwa kwa ajili yake. Hapo kanuni za Namibia, zinazohesabu nguvu, nazo hazisaidii zaidi, kwa kuwa risasi nyepesi ya kasi hutoa jouli za kutosha kwenye makaratasi.

Nchini Kenya mjadala huu ulifungwa mwaka 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji wa michezo.

Mtutu na mzunguko

Hadi hapa imezungumzwa njia ya risasi. Shabaha, kwa maana ya risasi kadhaa kufuatana na kupiga mahali pamoja, ina bwana mwingine.

Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyozungushwa kama uzi wa skrubu. Huishika risasi na kuizungusha ili isipinduke angani, kama pia inavyosimama kwa kuzunguka. Mtutu wa kawaida wa .30-06 humaliza mzunguko mmoja kila inchi 10, sentimita 25.4, na risasi ya greni 180 hutoka humo ikizunguka zaidi ya mara 3,000 kwa sekunde.

Kadiri risasi inavyokuwa ndefu, ndivyo inavyohitaji kuzungushwa kwa haraka zaidi. Mwanahisabati George Greenhill wa Uingereza alitoa kanuni ya kukadiria jambo hilo mwaka 1879, na mafundi bado wanaitumia. Kinachotajwa humo ni urefu na kipenyo. Uzito huingia kwa kuwa, katika kaliba moja, risasi nzito kwa kawaida ndiyo ndefu.

Kampuni ya Remington ililipia somo hili sokoni. Mwaka 1955 ilitoa risasi yake ya .244, mwaka ule ule ambao Winchester ilitoa ya .243. Zilikuwa karibu mapacha, na ya Remington ilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya baruti. Lakini Remington ilidhani wanunuzi wangetaka kupiga wanyama wadogo waharibifu, ikaweka mtutu wenye mzunguko mmoja kwa kila inchi 12, unaofaa risasi za greni 75 na 90. Winchester iliweka inchi 10, ikauza pia risasi ya greni 100.

Wawindaji wa Marekani walitaka bunduki moja ya kazi zote, wakiwamo paa wakubwa. Habari zikaenea kwamba mtutu wa Remington hauzitulizi risasi za greni 100, na wateja wakahamia upande wa pili. Kampuni ilibadilisha mzunguko hadi inchi 9, na mwaka 1963 ikaipa risasi ile ile jina jipya, milimita 6 Remington. Haikupata tena nafasi iliyoipoteza. Tofauti ya greni 10, ambazo ni pungufu ya gramu moja, iliamua.

Kabla haijatoka

Lipo jambo ambalo majedwali ya risasi hayaonyeshi. Bunduki huanza kurudi nyuma na kuinuka wakati risasi bado imo mtutuni. Nzito hukaa humo kwa muda mrefu kidogo, na teke lake ni kubwa zaidi, hivyo hutoka mtutu ukiwa umeinuka zaidi. Chuma chenyewe nacho hutetemeka kama uzi wa zeze, na kila uzito hutoka katika sehemu tofauti ya mtetemo huo.

Matokeo yake ni kwamba kwa umbali mfupi risasi nzito wakati mwingine hupiga juu kuliko nyepesi, au pembeni, kinyume na hesabu yote ya anguko. Sentimita zinazopotea hapa mara nyingi ni nyingi kuliko zile za mvutano wa ardhi.

Bunduki za mitutu miwili, kipenzi cha wawindaji wa wanyama hatari, ndizo zinazoumia zaidi. Katika bunduki ya .470, ambayo risasi yake ya kawaida ni ya greni 500 na mwendo wa mita 655 kwa sekunde, fundi huelekeza mitutu miwili ikaribiane kidogo kwa mbele. Kila mtutu ukifyatuliwa husukumwa upande wake, na fundi hufyatua, hupasha risasi ya kuungia moto, husogeza kabari, hufyatua tena, hadi mitutu yote ipige pamoja. Kazi hiyo hufanywa kwa uzito mmoja na mwendo mmoja. Mwenye bunduki akitia risasi nyepesi na ya kasi zaidi, hutoka kabla mtutu haujasogea vya kutosha, na njia za mitutu miwili hupishana kama mkasi. Akitia ya polepole, hutawanyika.

Teke nalo lina mwathirika mwingine, bega la mfyatuaji. Mtu aliyezoea .30-06 akipewa .375 yenye greni 300, mara nyingi risasi ya kwanza huenda vizuri. Kuanzia ya pili hufumba macho na kukaza mkono kabla ya kuvuta kifyatuo. Baadhi ya wawindaji bingwa humshauri mgeni wa namna hiyo achukue risasi nyepesi kidogo anayoweza kuipiga kwa utulivu, au afyatue akiwa amesimama na kuegemea fimbo tatu, kwa kuwa mtu aliyelala chini hulipokea teke lote begani.

Shaba badala ya risasi

Mabadiliko makubwa ya karibuni katika suala hili hayakuletwa na wawindaji. Madini ya risasi, ambayo kwa Kiswahili yameipa silaha jina lake, hubaki vipande vipande ndani ya mizoga na kuwaua ndege wanaoila. Jimbo la California nchini Marekani, makazi ya tumbusi mkubwa aitwaye kondori, lilipiga marufuku risasi za madini hayo kwa uwindaji wote kuanzia Julai 1, 2019.

Mbadala wake ni shaba tupu. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi kwa ujazo, hivyo risasi ya shaba ya greni 180 huwa ndefu kuliko ya zamani ya greni 180. Huchukua nafasi ya baruti ndani ya ganda, na mtutu uliokuwa ukiituliza ile ya zamani huenda usiitulize hii.

Kwa upande wake shaba haivunjiki ovyo ndani ya mnyama. Hubaki na karibu uzito wake wote hadi mwisho. Kwa sababu hiyo wengi wanaohama hupunguza uzito: aliyekuwa akitumia greni 180 katika .30-06 huchukua 165 au 150 ya shaba, ambayo huzama vya kutosha na kutoka kwa kasi zaidi. Boksi jipya likifunguliwa, skrubu za darubini nazo hulegezwa, na bunduki hurudishwa mbele ya karatasi.